Kitabu kijacho kimo katika katalogi



Mazoea ya kusoma hayafi mtu akiwa katikati ya kitabu. Hufa siku chache baada ya kukimaliza. Mtu amesoma riwaya ikamkolea, akawasimulia wenzake kazini, kisha hajui ashike kipi tena. Dukani bei inamkatisha tamaa. Rafiki wa kumwazima hana. Wiki zinapita, mwezi unakatika, na aliyekuwa msomaji anabaki kusoma vichwa vya habari kwenye kibanda cha magazeti.

Na huku maktaba za umma zipo. Hapa Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967. Lakini wako wanaoingia maktaba na madaftari yao wenyewe, wakipata kiti na utulivu wanaridhika. Wengine huzunguka rafu dakika kumi, kisha hutoka wakinung'unika kwamba humo hamna kitu. Je, waliiuliza katalogi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katalogi ndiyo daftari la maktaba. Kuna maktaba zenye kadi ndani ya droo ndogondogo, na kuna zenye kompyuta. Kazi ni ileile. Milango yake ni mitatu: jina la mwandishi, jina la kitabu, na somo. Miwili ya kwanza inamfaa anayejua anachokitaka. Asiyejua asome nini, mlango wake mkubwa ni huo wa tatu.

Tuchukue mfano. Umemaliza Kuli, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1979, inayohusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Anza na mwandishi, utafute Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978, au Vuta N'kuvute ya 1999. Lakini angalia: majina yetu huwasumbua waandika katalogi. Kitabu kimoja chaweza kuwekwa chini ya Shafi, kingine chini ya Adam. Ukikosa upande mmoja, geuza jina utafute tena.

Kisha jiulize ni kitu gani hasa kilichokushika katika kitabu kile. Kama ni Unguja ya zamani, somo lako ni historia ya Zanzibar. Kama ni wafanyakazi kudai haki yao, somo ni vyama vya wafanyakazi. Isome pia kadi ya kitabu ulichokipenda mpaka chini, maana mara nyingi huko ndiko yalikoandikwa masomo yake. Masomo hayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, basi mwombe mkutubi akupe neno linalotumika. Kuuliza si ujinga, na kazi yake ndiyo hiyo.

Ukipata kitabu, utaona namba. Maktaba nyingi hufuata mpango alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, unaogawa elimu yote katika mafungu 10. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Historia ya Zanzibar ni 967.81. Vyama vya wafanyakazi ni 331.88, na anayetaka kufuga kuku aende 636.5. Nakili namba yote, pamoja na herufi zinazoifuata. Ukifika kwenye rafu, tazama na majirani wa kitabu chako, kushoto na kulia. Wamewekwa pamoja kwa sababu wanazungumza jambo moja.

Mtu atasema, kama ni hivyo si niende moja kwa moja kwenye rafu? La, ndugu yangu. Rafu inakuonyesha vilivyobaki, katalogi inakuonyesha na vilivyoazimwa, nawe waweza kumwomba mkutubi akuwekee kitakaporudi. Tena rafu huweza kukuficha kitu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliitoa riwaya yake Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Kwa mpango wa Dewey, tafsiri hufuata lugha ya asili. Hivyo Peponi yaweza kukaa na fasihi ya Kiingereza, na anayepekua rafu ya Kiswahili peke yake asiione kamwe. Katalogi, kwa jina la mwandishi, itamweleza iliko.

Nawashauri jambo moja dogo. Msirudishe kitabu maktaba mikono mitupu. Kabla ya kukikabidhi, andika kwenye kipande cha karatasi mambo matatu: mwandishi, somo, na namba. Nenda na karatasi hiyo kwenye katalogi, utafute viwili vingine, uazime kimoja na kingine ukiandike kwa ajili ya safari ijayo. Ukifanya hivyo kila mara, hutakosa cha kusoma, na hela ya kitabu itabaki mfukoni.