Rangi zinazofichua siri ya mlo wa mtoto

UGALI hushibisha, hilo halina ubishi. Lakini je, kushiba ndiko kulishwa vyema?

Swali hili lina uzito katika eneo la Soin, Kaunti ya Kericho. Tofauti na nyanda za juu zinazositawisha majani chai, huku chini joto ni kali na wakulima wengi hutegemea mahindi na miwa.

Sehemu ya jibu hupatikana katika maabara ya shule ya upili. Mwanafunzi wa Biolojia, somo ambalo mtihani wake wa KCSE una karatasi ya majaribio, hufunzwa kutambua virutubishi kwa kutumia kemikali chache tu.

Akidondosha iodini ya rangi ya kahawia juu ya kipande cha ugali uliopoa, hugeuka samawati iliyokoza, karibu kuwa nyeusi. Huo ni wanga.

Sukari hutafutwa kwa kimiminika cha Benedict, ambacho ni samawati. Kikichemshwa pamoja na maji ya tunda bivu, hubadilika kuwa kijani, manjano na hatimaye nyekundu ya matofali. Ajabu ni kwamba sukari nyeupe itokanayo na miwa haileti mabadiliko hayo. Sharti kwanza ichemshwe kwa asidi hafifu ya haidrokloriki, kisha asidi hiyo itulizwe kwa bikaboneti ya sodiamu.

Ili kutambua protini, maziwa hutiwa haidroksidi ya sodiamu, halafu matone machache ya salfeti ya shaba. Rangi ya zambarau ikitokea, protini imo.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Majaribio haya husema kirutubishi kipo. Hayasemi kinatosha, wala ubora wake. Mahindi pia yana protini, lakini yamepungukiwa na lisini na triptofani, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Mtoto anayeachishwa ziwa na kupewa uji mtupu wa mahindi huweza kudhoofika ilhali tumbo limejaa.

Kuna jambo jingine. Tangu 2012, sheria ya Kenya imetaka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa kwa mauzo uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini. Mahindi yanayosagwa katika kinu cha kijijini kwa kawaida huwa hayaongezwi chochote. Wapimaji hunyunyizia unga thiosayaneti ya potasiamu iliyotiwa asidi. Vidoa vyekundu vikijitokeza, chuma kimo.

Mzazi hahitaji maabara ili kutumia maarifa haya. Maharagwe na maziwa huziba pengo la protini ya mahindi, nao mgagani, ambao Wakipsigis huuita isageek, huongeza madini na vitamini. Vyote hivyo si vigeni Soin; kinachohitajika ni kuvifikisha kwenye sahani ya mtoto kabla hajadhoofika.