Wanaotibu Saratani ya Watoto Wasomeshwe Pamoja

Yapo maradhi ambayo tabibu mmoja hodari anaweza kuyamaliza peke yake. Saratani ya watoto si katika hayo. Mtoto aliyelazwa kwa maradhi haya yumo mikononi mwa watu wengi kwa wakati mmoja: daktari wa watoto, daktari wa upasuaji, mtaalamu wa maabara mwenye darubini, mfamasia anayepima dawa, muuguzi anayeitia mshipani, ofisa wa ustawi wa jamii, na hata mpishi wa hospitali, maana kinywa kilichojaa vidonda hakiwezi kutafuna wali mkavu. Mmoja wao akiteleza, jasho la wenziwe wote limemwagika bure. Kwa hiyo leo tunapenda kuzungumza na wenye dhamana ya afya Visiwani juu ya namna watu hawa wanavyosomeshwa.

Kawaida inajulikana. Ikipatikana nafasi ya masomo, hupelekwa daktari. Akirudi na cheti chake huikuta wodi ile ile, muuguzi hajui kwa nini amri zimebadilika, na mfamasia huisoma karatasi ya dawa mpya kama asomaye barua ya mtu mwingine. Elimu imerudi nchini, lakini imekaa katika kichwa kimoja.

Tuchukue mfano mmoja. Katika nyua nyingi za majumba yetu huota ua dogo, jekundu la kufifia au jeupe, ambalo asili yake ni kisiwa cha Bukini. Kutokana na mmea huo wataalamu walipata dawa iitwayo vinkristini, ambayo ni miongoni mwa nguzo za kutibu saratani ya damu kwa watoto. Ikitiwa mshipani, huponya. Ikitiwa kwa makosa katika uti wa mgongo, huua, na ni nadra sana mgonjwa kunusurika. Tatizo ni kwamba mtoto huyo huyo huhitaji pia dawa nyingine, methotreksati, ambayo hutiwa huko huko katika uti wa mgongo. Mabomba mawili ya sindano, mtoto mmoja, pengine asubuhi moja. Ajali hii imetokea hata katika nchi tajiri, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba vinkristini itayarishwe katika mfuko mdogo wa dripu, si katika bomba la sindano, ili mkono usiweze kukosea njia.

Sasa na tujiulize: ni nani mwenye kuizuia ajali hiyo? Daktari huandika, mfamasia hutayarisha, muuguzi huleta, na daktari kijana huchoma. Anayeliona kosa katika dakika ya mwisho huwa aghalabu ni muuguzi, na cheo chake ni kidogo. Sisi ni watu wa heshima. Mdogo hamkatizi mkubwa kauli. Barazani hiyo ni tabia njema. Mbele ya kitanda cha mtoto yaweza kuwa msiba. Na kumfundisha muuguzi peke yake kusema "Daktari, simama kwanza" hakutoshi hata kidogo, kama daktari mwenyewe hakuwapo darasani siku hiyo akasikia na akaridhia kusimamishwa.

Hesabu za dunia zinatisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi zenye uwezo hupona zaidi ya 80 katika kila 100; katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 Shirika hilo liliweka shabaha kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60 katika kila 100. Zinazotajwa kuwa sababu za tofauti hiyo ni maradhi kuchelewa kugunduliwa, kutambuliwa vibaya, dawa kukosekana, matibabu kuachwa njiani, na madhara ya dawa zenyewe. Ukiondoa uhaba wa dawa, yote yaliyobaki yanahusu watu na jinsi wanavyopashana habari.

Hapa Afrika Mashariki tunao ushahidi wa zamani. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenziwe wa tiba ya ndani amtazame mtoto mwenye uvimbe katika taya. Mwaka uliofuata aliandika habari za maradhi hayo, ambayo leo yanaitwa kwa jina lake. Wapimaji wa maabara walionyesha kuwa ni saratani ya tezi. Na mwaka 1964 wataalamu wa London, kwa chembe zilizotoka Uganda, wakatangaza kirusi kinachohusiana nayo. Mpasuaji aliyeshikamana na kisu chake tu asingefika huko.

Turudi kwetu. Tumfikirie mtoto wa Micheweni ambaye mboni ya jicho lake inang'aa weupe kama jicho la paka usiku. Huenda hiyo ni saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa mtoto huokoka. Wa kwanza kuona ni mama. Wa pili ni muuguzi wa kituo cha afya, ambaye akimpa dawa ya kupaka na kumwambia arudi baada ya mwezi, mwezi huo ni wa thamani kubwa mno. Vivyo hivyo mtoto mwenye taya lililovimba hupelekwa kwa daktari wa meno, naye hung'oa jino. Watu hawa hawahesabiwi kuwa ni watibabu wa saratani, kwa hiyo hakuna anayewaalika kwenye mafunzo. Tunasema: hao ndio wa kualikwa mwanzo.

Safari nayo ni ndefu. Boti mpaka Unguja, kisha Dar es Salaam, ambako Muhimbili inatibu saratani za watoto. Miezi mingi, huku nyumbani kuna watoto wengine na shamba halina mtu. Mzazi anayekatiza matibabu mara nyingi si mjinga. Ameishiwa nauli, au amemwona mwanawe hana nywele na anatapika, akadhani dawa ndiyo inayomuua. Ofisa wa ustawi wa jamii akikaa darasa moja na daktari, atajua siku za dozi na kuitafuta nauli kabla haijahitajika. Na mtoto akiwa mapumzikoni kijijini, akapata homa, muuguzi wa kituo ajue kwamba mtoto huyu si kama wengine: kinga yake imeshuka, na dawa ya kuua vijidudu inatakiwa mshipani ndani ya saa moja, si vidonge vya kutuliza homa na maneno ya kupoza moyo.

Mafunzo tunayoyataka si semina ya hotelini yenye mikoba na posho. Hizo tumezishuhudia za kutosha. Ni saa moja kila wiki, wodini, juu ya faili la mgonjwa aliyepo, wote wameketi, na wa cheo cha chini anasema kwanza. Wanafunzi wa uuguzi, famasia, maabara na udaktari wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nao wakutanishwe katika somo hilo kabla hawajazoea kutengana. Pemba iwe na siku yake, Pemba, kwa wakufunzi kuvuka bahari badala ya wauguzi wa vituo kuitwa Unguja.

Jambo hili halingoji jengo jipya wala msaada wa nje. Linangoja Wizara iiandike saa hiyo katika ratiba ya zamu, na apatikane muuguzi wa kushika wodi wakati wenzake wamo darasani.