Lori Limekosa Nguvu? Usikimbilie Kukata Waya wa Sensa ya Turbo

Hali halisi ya lori lililopakia kontena bandarini hujulikana likifika mlima wa Mazeras. Kutoka Changamwe hadi Miritini linaweza kwenda bila shida. Mlima ukianza, dereva anakanyaga mafuta na gari halivuti. Taa ya injini inawaka, moshi unaongezeka, na magari yaliyo nyuma yanaanza kupiga honi. Dereva anayelipwa kwa safari anaona siku yake inaharibika, na mara nyingi anaamua kurudi Magongo kutafuta fundi.

Huko kuna mafundi hodari wa malori, wengine wenye uzoefu wa miaka mingi. Lakini kuna pia ushauri mmoja ambao umekuwa rahisi kutolewa: "Mzee, hii ni sensa inasumbua tu. Nipe nusu saa." Waya unakatwa, resista ya bei ndogo inaunganishwa, tepu inazungushwa juu yake. Taa inazimika na gari linavuta. Dereva anashukuru, analipa na kuondoka, lakini tatuzi lililomrudisha Magongo halijaguswa.

Sensa inayozungumziwa hapa hukaa kwenye bomba linaloingiza hewa kwenye injini, baada ya turbo. Kazi yake ni moja: kupima shinikizo la hewa ambayo turbo imesukuma na kuiambia kompyuta ya gari. Katika injini nyingi za kisasa ina nyaya tatu au nne. Mmoja unaleta umeme wa volti 5, mmoja ni wa athi, na mmoja unapeleka ishara. Wa nne, ukiwepo, ni wa kupima joto la hewa. Hewa ikiongezeka, volti za ishara hupanda, na kompyuta hutumia hesabu hiyo kuamua ni dizeli kiasi gani injekta zimwage. Dizeli bila hewa ya kutosha haiungui yote, bali hugeuka moshi mweusi na joto.

Sasa mpira wa intakula ukipasuka, hewa iliyosukumwa na turbo huvujia nje. Sensa inaona hewa ni kidogo na kuripoti hivyo. Kompyuta inapunguza dizeli, inawasha taa na kulinda injini, ndiyo maana gari linakataa kuvuta. Sensa haina kosa hapo. Fundi akiweka resista ya kupandisha volti za ishara, kompyuta inaambiwa hewa ni nyingi ilhali bado inavuja. Dizeli inaongezwa, hewa haiongezeki. Gari linavuta kwa sababu linalishwa mafuta kupita kiasi, na mwenye gari anayalipia kila kilomita.

Kuna uongo wa aina ya pili, unaopendwa na wanaotaka gari liwe na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani. Hao huweka daiodi inayozuia volti za ishara zisipite kiwango fulani, ili turbo ikisukuma hewa kupita kiasi kompyuta isijue na isikate mafuta. Turbo ya lori inaweza kuzunguka karibu mara 100,000 kwa dakika hata ikiwa salama. Ikivuka mipaka yake bila wa kuizuia, panga zake na beringi huanza kuumia. Sili ikiachia, oili ya injini huvutwa ndani ya silinda na kuungua kama dizeli. Hapo injini inaweza kukimbia yenyewe hata ufunguo ukizimwa, na kuna madereva waliowahi kuruka nje ya kebini kwa sababu hiyo.

Uongo wa Magongo, mlima wa Timboroa

Wenye malori ya safari ndefu wana sababu ya ziada ya kujali. Sensa hii haikuwekwa kwa ajili ya mlima wa Mazeras peke yake. Magongo iko karibu na usawa wa bahari, ambako hewa ina shinikizo la takriban bari 1. Nairobi, iliyo juu kwa karibu mita 1,700, shinikizo hushuka hadi kama bari 0.83. Lori la kwenda Malaba kupitia Eldoret hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na huko hewa imepungua kwa zaidi ya robo. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi ili ijaze injini kwa kiwango kile kile. Kompyuta yenye taarifa sahihi hulitambua hilo na kupunguza mafuta. Iliyodanganywa inaendelea kumwaga mafuta ya Magongo kwenye hewa ya Timboroa.

Joto la ekzosi likikaa juu ya nyuzi 700 kwa muda mrefu, turbo na pistoni huanza kuharibika. Dereva hasikii chochote mpaka injini inoki, tena mbali na nyumbani, mzigo ukiwa wa mtu mwingine. Gharama ya kuifungua injini ya trela haiwezi kulinganishwa na ya mpira wa intakula na klipu zake mbili.

Halafu kuna umeme wenyewe. Lori hutumia volti 24, sensa hutumia 5. Katika injini nyingi, hizo volti 5 hugawiwa sensa nyingine pia, na kwenye baadhi ya magari hata ile ya pedali ya mafuta. Waya uliounganishwa kwa mkono na kufungwa kwa tepu ukigusa chuma, au ukigusana na waya wa volti 24, sensa kadhaa zinaweza kuzimika kwa pamoja au kompyuta ikaungua. Lori lililopoteza pedali katikati ya mlima, likiwa na matatu nyuma yake, ni hatari kwa watu wengi ambao hawakumwomba fundi chochote. Tepu nayo haidumu kwenye hewa ya pwani: unyevu na chumvi huingia, shaba inaota kutu ya kijani, na kutu hiyo ni kama resista nyingine ambayo hakuna aliyeipima.

Moshi pia si suala la mwenye gari peke yake. Barabara ya Magongo inapita kati ya nyumba, maduka, shule na vibanda vya chakula, na malori husimama hapo kwenye foleni injini zikiwa zinaunguruma. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Katiba ya 2010 imeikabidhi serikali ya kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa pamoja na huduma za zimamoto, kwa hiyo waya uliokatwa uani kwa mtu unaihusu kaunti kwa pande zote mbili. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, nayo hairuhusu gari bovu linalohatarisha wengine kuwa barabarani. Ajali ikitokea na ikagundulika mfumo wa injini ulichezewa, kampuni ya bima inaweza kupata sababu ya kubishania malipo.

Kabla ya kumruhusu fundi ashike koleo

Kipimo cha kwanza hakihitaji kukata kitu. Gari likiwa Magongo, ufunguo uwashwe bila kupiga injini moto, na mashine ya kusoma kompyuta iunganishwe. Sensa nzima inapaswa kusoma karibu bari 1, kwa kuwa hakuna hewa nyingine ndani ya bomba ila ile ya nje. Ikisoma hivyo, kuna uwezekano mkubwa sensa na nyaya zake ziko sawa na hewa inapotelea kwingine. Ikisoma sifuri au bari 3 injini ikiwa imezimwa, basi kweli kuna tatizo la sensa au waya, na hapo litafutwe.

Kabla ya kununua chochote, mipira yote kutoka turbo hadi intakula na kutoka intakula hadi injini ikaguliwe. Alama ya oili yenye vumbi kwenye maungio mara nyingi ndiyo inayoonyesha mahali pa kuvuja, na maji ya sabuni yatatoa povu hapo hewa ikisukumwa kwa shinikizo dogo. Klipu zilizolegea zikazwe. Filta ya hewa iliyoziba nayo hupunguza nguvu, na hilo husahauliwa sana kwenye malori yanayopita barabara za vumbi.

Sensa ikifunguliwa mara nyingi hukutwa imeziba kwa masizi na oili. Isafishwe taratibu kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, bila kuchokoa tundu lake kwa msumari. Pini za soketi zikiwa na kutu ya kijani, soketi ibadilishwe. Sensa ikiwa imekufa, inunuliwe yenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake, kwani mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupima tofauti kabisa. Fundi atumie mita, si taa ya kupimia yenye balbu, kwa sababu balbu huvuta umeme mwingi kuliko waya wa kompyuta unavyoweza kuvumilia.

Anayenunua lori lililotumika afunue nyaya nyuma ya soketi ya sensa. Tepu mpya kwenye waya wa zamani, kiunganishi kisicho cha kiwanda au kiboksi kidogo kilichofichwa chini ya kebini ni jambo la kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa. Aliye na gari lililokwisha kuchezewa arudishe nyaya zilivyokuwa, kisha atafute uvujaji uliosababisha yote, na afanye hivyo kabla ya kulipeleka kwenye ukaguzi wa NTSA wa kila mwaka.

Lori likianza kutoa moshi mzito au kukimbia lenyewe barabarani, dereva alisimamishe pembeni, mbali na matangi ya mafuta na nyumba ikiwezekana, awashushe watu wote na kupiga 999 au 112.