Sahani ya Maabara si Mwili wa Askari



Kutoka mitaa ya Kakoba mjini Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, upo mti mdogo unaojulikana sana kwa uchungu wa majani yake. Wanyankole huuita omubirizi, Waganda mululuza, na Wanyarwanda umubirizi. Wazee huuchemsha kutibu homa na kuoshea vidonda. Je, askari aliye mbali na zahanati autegemee?

Wataalamu wameuchunguza kwa njia mbili. Kwanza, hupanda bakteria, kama wale waletao majipu na usaha, katika sahani ya kioo. Kisha huweka hapo tone la dawa iliyotolewa majanini kwa maji au kwa spiriti, na kuiacha sahani katika joto la nyuzi 37 kwa muda wa saa 24 hivi. Likionekana duara tupu kulizunguka tone, bakteria wameshindwa kuota, na duara hilo hupimwa kwa milimita.

Njia ya pili yahusu kitu kilicho mfano wa kutu. Kila askari anajua kwamba oksijeni ya hewani hula chuma, ndiyo maana bunduki hupakwa mafuta. Mwilini nako oksijeni huzaa chembe kali ziitwazo radikali huru, ambazo huweza kuharibu seli. Mimea mingi ina kemikali za kuzituliza. Maabarani, dawa yenye nguvu hiyo hugeuza kemikali maalumu kutoka rangi ya zambarau kuwa manjano.

Omubirizi umeonyesha nguvu zote mbili. Lakini uwanja wa shabaha si uwanja wa vita. Sahani haina ini, figo wala damu. Hata spiriti huua bakteria, wala hakuna mwenye akili anayeinywa ili kidonda kipone.

Mwaka 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akitupa majani na maganda ya mti huu, akitafuna moyo wa kijiti tu. Uchunguzi wa baadaye ulikuta kwamba majani yana kemikali yenye sumu kwa wingi kuliko moyo huo. Basi hata mnyama hachukui kila sehemu ya mti.

Mfano mwingine ulianzia vitani. Tarehe 23 Mei 1967, China ilianzisha Mradi 523 ili kutafuta dawa ya malaria, iliyokuwa ikiwaangusha askari wa Vietnam ya Kaskazini. Bibi Tu Youyou na wenzake walichunguza mmea wa artemisia. Joto kali liliharibu dawa. Ilipotolewa bila joto kubwa, mwaka 1971, ilifanya kazi. Ikajaribiwa kwa wanyama, watafiti wakainywa wenyewe, ndipo wakapewa wagonjwa. Mwaka 2015 Bibi huyo alipata Tuzo ya Nobel, na leo vidonge vilivyotokana na kazi hiyo, vikichanganywa na dawa nyingine, ndivyo vinavyotibu malaria katika zahanati zetu.

Funzo ni dhahiri. Ujuzi wa wazee ni mwanzo wa njia, wala si wa kudharauliwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina kituo cha kuuchunguza. Lakini mwisho wa njia ni kipimo kinachojulikana, kisichomdhuru mgonjwa.

Kwa hiyo, askari mwenye homa na apimwe damu. Mwenye kidonda na akioshe kwa maji safi na sabuni, kisha amwone mganga wa kikosi. Aliyepewa vidonge na avimalize kama alivyoagizwa. Na aliyekunywa mitishamba asimfiche daktari, kwani dawa mbili zaweza kupigana ndani ya mwili mmoja. Anayeficha habari hiyo humnyima mganga silaha yake ya kwanza.