Ukigongwa na dereva mlevi, faini si fidia yako

JE, wajua kwamba dereva mlevi aliyekugonga akitozwa faini mahakamani, kwa kawaida hupati hata senti moja ya pesa hizo? Huingia katika hazina ya serikali, isipokuwa mahakama iamuru vinginevyo. Wewe unabaki na mguu uliovunjika, deni la hospitali na watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa karo.

Familia nyingi hudhani kesi ya trafiki ikiisha, mambo yamekwisha. La hasha! Kesi hiyo ni baina ya serikali na dereva. Ya kudai fidia ni nyingine, na ni juu yako kuifungua.

Hata hivyo, ile ya kwanza yaweza kukufaa. Kulingana na kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, dereva akipatikana na hatia na asikate rufaa kwa wakati, hukumu hiyo ni thibitisho kwamba alitenda kosa. Na hata akiachiliwa, bado unaweza kumshtaki kwa uzembe.

Nani atalipa?

Pengine dereva mwenyewe hana mbele wala nyuma. Usikate tamaa. Mwenye gari pia anaweza kushtakiwa, hasa ikiwa dereva alikuwa katika shughuli zake. Aidha, sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inataka kila gari liwe na bima ya kuwalinda watu wengine.

Huenda ukaambiwa, "Dereva alikuwa amelewa, bima haifanyi kazi." Usikubali upesi. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo hakiruhusu kampuni kumnyima majeruhi haki yake kwa kisingizio cha hali ya mwili au akili ya dereva. Kampuni hulipa kwanza, kisha ikamfuata mteja wake. Kiwango ambacho bima hiyo inalazimika kugharimia ni Sh3 milioni kwa kila mdai. Zaidi ya hapo, mdai dereva au mwenye gari. Lakini kampuni lazima ijulishwe kuhusu kesi mapema, kwa hivyo mwambie wakili atume notisi hata kabla ya kuifungua.

Mahakama hutazama maumivu uliyopata, gharama za matibabu na mapato uliyopoteza. Gharama zilizokwisha kutumika huthibitishwa kwa risiti, basi usitupe hata moja. Ikiwa aliyegongwa amefariki, mume au mke, watoto na wazazi wake wana haki ya kudai.

Fanya haya mapema

Nakili nambari ya gari na majina ya mashahidi. Piga ripoti polisi upewe nambari ya OB, jaziwa fomu ya P3, kisha uchukue abstrakti ya polisi. Usitie sahihi karatasi yoyote ya "kumaliza mambo nyumbani" kabla wakili hajaisoma.

Kwa kawaida una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Likiwa ni gari la serikali, una miezi 12 pekee. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nawe mwanafunzi unayetoka karamuni usiku, kumbuka hili: ukiingia garini ukijua dereva amelewa, mahakama yaweza kusema ulichangia masaibu yako na kupunguza fidia. Heri nauli ya teksi.