Mlima mmoja, tovuti mamia

Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024, kutoka takriban milioni 1.8 mwaka uliotangulia. Wengi wa wanaokuja kupanda Kilimanjaro au kuzuru Serengeti huchagua kampuni ya kuwapeleka wakiwa bado kwao, miezi kadhaa kabla ya safari, simu ikiwa mkononi. Hapo kampuni ya Moshi yenye magari mawili hupambana na wakala mkubwa wa London kwenye kioo kimoja. Pambano hilo inaweza kulimudu, lakini si kwa namna tovuti nyingi zilivyo sasa.

Kwa sasa kampuni nyingi ndogo zimeegemea majukwaa ya wengine, kama TripAdvisor, SafariBookings, Viator na GetYourGuide. Faida zake ni za kweli: mgeni asiyeijua kampuni huliamini jukwaa, na maoni ya waliotangulia humtoa wasiwasi. Lakini Viator na GetYourGuide hukata kamisheni ambayo mara nyingi hufika asilimia 20 ya bei au kuipita, fedha ambayo ingelipa wapagazi na matengenezo ya gari. Tena mwenye jukwaa ndiye anayepanga nani atokee juu, na anaweza kubadili mpangilio huo wakati wowote. Kwenye tovuti yake, kampuni humpata mteja moja kwa moja.

Tatizo ni kwamba tovuti nyingi zinafanana. Picha ni ya simba yuleyule, ratiba ya njia ya Machame imenakiliwa kwa jirani, na kila mmoja anajiita bora kuliko wote. Google ikikuta maandishi yaleyale kwenye kurasa nyingi, kwa kawaida huonyesha ukurasa mmoja na kuacha nyingine. Na mgeni akifika, hana la kumshikilia.

Linalomshikilia ni jibu la swali lililomleta, na swali la kwanza ni bei. Kwa nini kampuni moja inataka dola 1,200 na nyingine 2,200 kwa mlima uleule? Ukurasa mmoja wa hesabu unatosha kumwelewesha. Kwa mgeni kutoka nje, ada ya hifadhi ya Kilimanjaro imekuwa dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, na uokoaji dola 20 kwa safari. Siku saba za Machame zinafanya dola 810, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 zinakaribia 956, kabla ya chakula, usafiri, waongozaji, na wapagazi watatu au wanne wanaohitajika kwa kila mpandaji. Mgeni akishaiona hesabu hiyo ataelewa kuwa bei ya kutupa hulipwa na mgongo wa mpagazi, na ataiamini kampuni iliyomwambia.

Maswali mengine yamo tayari kwenye WhatsApp ya ofisi. Novemba mvua za vuli zikinyesha, je, njia ya Rongai iliyo upande wa kaskazini ni kavu kuliko Machame? Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala, je, hilo linafidia siku chache za kuuzoea mwinuko? Mwongozaji aliyefika kileleni mara nyingi hujibu kwa ufasaha ambao wakala wa London hawezi kuununua. Jibu lake likiandikwa vizuri, swali moja hufanya ukurasa mmoja, nao utaleta wasomaji kwa miaka.

Kasi nayo haina msamaha. Utafiti wa Google wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 53 ya ziara za tovuti kwenye simu hukatishwa ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka, na tangu Julai 2018 kasi kwenye simu huhesabiwa katika kupanga matokeo ya utafutaji. Mara nyingi chanzo ni picha kubwa zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera. Zipunguzwe uzito, kisha mwenye kampuni aifungue tovuti yake kwa bando la kawaida akiwa barabarani, nje ya Wi-Fi ya ofisi.

Mgeni anayetuma amana ya mamia ya dola kwa watu asiowajua anatafuta uthibitisho. Aone namba ya leseni, uanachama wa TATO, chama cha kampuni za utalii, kama upo, ushirikiano na KPAP inayofuatilia maslahi ya wapagazi, na majina na nyuso za waongozaji walioridhia kuonyeshwa. Ofisi ionekane pia kwenye ramani ya Google, ambako kujisajili ni bure. Kabla ya kutumiwa habari za ada na misimu kwa baruapepe, aombwe ridhaa, kwa kuwa taarifa zake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kampuni. Likiwa la fundi aliyeitengeneza, siku mkigombana ataondoka nalo.

Hakuna kati ya haya linalohitaji mtaji mkubwa. Aprili na Mei, masika yakipunguza wageni, mwongozaji alipwe siku chache akae na mwandishi wajibu maswali ya msimu uliopita. Kisha kila mteja mpya aulizwe aliipataje kampuni, na jibu liandikwe. Baada ya mwaka kampuni itajua ni kamisheni kiasi gani haikulipa, na fedha hiyo iende kwanza kwa wapagazi na waongozaji ambao ujuzi wao ndio ulioileta.