Senema Yenye Mambo Mazito: Je, Yafaa Kufundishia Darasani?

Mwalimu wa Bokoli, katika Kaunti ya Bungoma, atakaye kufundisha historia au fasihi kwa picha za senema, hana budi kulijibu swali moja zito: je, yafaa wanafunzi waonyeshwe picha yenye mauaji, mateso au mambo ya mume na mke? Wako wazazi wasemao kwamba shule ni mahali pa kulinda tabia njema. Wako na walimu wajibuo kwamba kijana asiyeonyeshwa ubaya mbele ya mwalimu, atauona katika simu asipokuwapo wa kumwonya. Pande zote mbili zina neno.

MFANO WA SARAFINA

Mfano mwema ni picha iitwayo Sarafina!, iliyotolewa mwaka 1992 kutokana na mchezo wa Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini. Ndani yake wanafunzi wa Soweto wapigwa risasi. Mwalimu wao mpendwa akamatwa na kufa kizuizini. Nao kwa ghadhabu wamchoma moto askari Mwafrika hata afe. Sarafina mwenyewe ateswa gerezani.

Hayo si mambo ya kuchekea. Lakini pasipo hayo, ni vigumu kijana kufahamu kwa nini tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hiyo, mwaka 1976, maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12.

Mwalimu akiziruka sehemu zote za kutisha, atabakiwa na nyimbo na ngoma, na wanafunzi watadhani kwamba uhuru uliletwa kwa kuimba. Akiionyesha yote bila kusema neno, huenda wengine wakaondoka na ule moto vichwani mwao, wasijiulize kama kumchoma mtu ni haki. Katika nchi ambayo wavulana 67 walikufa mwezi wa Machi 2001 katika bweni lililotiwa moto huko Kyanguli, hilo si jambo la kupuuza.

SHERIA NA BUSARA

Sheria ya Kenya yataka picha ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu huitia alama: ya watu wote, ya uongozi wa wazazi, ya miaka 16, au ya miaka 18. Zamani za ukoloni wakaguzi waliruhusu picha fulani kwa Wazungu na kuwakataza Waafrika, hata watu wazima wenye akili zao. Kizuizi kile kilikuwa cha rangi, na mtu hawezi kuivuka rangi yake. Cha umri ni kingine, maana kila mtoto atakivuka siku yake ikifika. Kwa hiyo chastahili kuheshimiwa.

Hata hivyo alama hueleza umri tu, haielezi somo. Mwalimu mwenye busara huitazama picha kwanza peke yake, mwanzo hata mwisho. Huwaarifu mwalimu mkuu na wazazi. Huisimamisha penye jambo zito ili wanafunzi waulize na kujibu, na asiyeweza kutazama humruhusu kutoka bila kuaibishwa. Tena picha ambayo uchafu ndio bidhaa yake, wala haina la kufundisha, huiacha dukani.

Wazee wa Kibukusu walilijua jambo hili kabla ya senema. Wavulana hutahiriwa mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kijana hupewa mafunzo ya utu uzima na mzee amjuaye. Mafunzo hayo hayamwagwi mbele ya mtoto mdogo, wala kijana aliyefikia umri hanyimwi. Darasa litakaloshika kanuni hiyo halitaharibiwa na picha. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkunjaji na awepo.